Bibi Caroline Herschel na Kiwingu cha Kusini

Mtu asimamaye Mombasa, Malindi au Lamu usiku wa mwisho wa Novemba, mwezi ukiwa haujatoka na mawingu ya vuli yamepasuka, akainua macho mnamo saa tatu, ataona upande wa kusini wa utosi wa mbingu pahala penye nyota chache mno. Nyota mbili tu zang'aa huko. Moja ni ile ambayo Waarabu waliiita Fam al-Hut, yaani mdomo wa samaki, nayo wakati huo imekwisha kuinama upande wa magharibi. Ya pili ni Dhanab Qaytus, mkia wa nyangumi, iliyo karibu na utosi. Wazungu waliyachukua majina haya mawili wakayatia katika vitabu vyao, na hadi leo huyatamka wawezavyo. Kusini ya nyota hiyo ya pili, kadiri ya digrii saba, kuna kitu ambacho jicho tupu halikioni, lakini darubini ndogo ya mabaharia hukionyesha: kiwingu chembamba cha nuru, kirefu, kama sarafu ya fedha iliyoinamishwa.

Kiwingu hicho ni nyota, maelfu ya mamilioni ya nyota, zilizo mbali nasi mwendo wa nuru wa miaka kama milioni 11. Zimepangika katika mikono iliyojizungusha kutoka kati kwenda nje, mfano wa ukili unaozungushwa na kushonwa hata ukawa kitanga. Ila sisi twakitazama kitanga hicho kwa ubavu, ndiyo maana twakiona chembamba. Jamii ya nyota ya namna hii huitwa galaksi, na hii katika orodha kuu ya wanafalaki ina nambari 253. Ndani yake nyota mpya zazaliwa kwa wingi na kwa haraka kupita galaksi nyingi zilizo karibu nasi. Mwezi wa Aprili 2020 vyombo vilivyoko angani vilipokea mmweko mkali wa mionzi uliotoka upande wake, ukadumu chini ya nukta moja, na wataalamu wakahukumu kuwa umetoka katika nyota iliyokwisha kufa.

Aliyekuwa wa kwanza kuiona, kwa kadiri historia ijuavyo, ni mwanamke wa Kijerumani mwenye kimo cha mtoto, ambaye mamaye mzazi alikata shauri asifundishwe lolote zaidi ya kazi za nyumbani. Twapenda katika waraka huu kuwapa wasomaji wetu khabari za maisha yake, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo kila mwenye binti nyumbani huenda akayatambua.

Caroline Herschel alizaliwa Hanover, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 16 Machi 1750. Alikuwa wa nane katika watoto kumi, ambao sita kati yao ndio waliokua. Babaye, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika beni ya askari, mtu wa kipato kidogo aliyependa elimu kuliko uwezo wake. Mamaye, Anna, hakujua kuandika. Caroline alipokuwa mdogo sana alishikwa na ndui ikamwachia makovu usoni. Alipofika miaka kumi akapatwa na homa ya tifasi, na tangu hapo hakurefuka tena. Kimo chake cha utu uzima kilizidi kidogo futi nne.

Wazazi hawa wawili walikhitilafiana juu ya mtoto wao. Baba alimfundisha fidla kidogo, nyakati ambazo mama hayupo au moyo wake umetulia. Usiku mmoja wa baridi kali alimtoa nje barabarani akamwonyesha makundi ya nyota yaliyo mazuri kuliko yote, baada ya kutazama pamoja nyota ya mkia iliyokuwa ikionekana siku zile. Mtoto yule hakuusahau usiku ule maisha yake yote. Lakini baba huyo huyo alimwambia waziwazi kuwa, kwa kuwa hana uzuri wala mali, asitaraji kuposwa ila akiwa mtu mzima sana, ikiwa ataposwa. Twadhani alikusudia kumtayarisha. Neno la namna hii hata hivyo likisemwa na baba kwa binti hukaa pale lilipoanguka.

Mama naye alikuwa na hoja yake, na si haki kuipita bila kuieleza. Wanawe wa kiume walifundishwa muziki na lugha na hisabati. Matokeo yake ni kwamba waliondoka mmoja mmoja wakenda nchi za mbali. William, aliyemzidi Caroline miaka kumi na mmoja, alivuka bahari kwenda Uingereza mwaka 1757, baada ya Wafaransa kuishinda Hanover vitani. Mama akaona kuwa elimu ndiyo iliyomnyang'anya watoto wake, na kwamba huyu mmoja akibaki mjinga atabaki nyumbani. Hoja hii wasomaji wetu wameisikia kwa lugha nyingine na katika miji mingine. Kwa hiyo Caroline alifundishwa kusoma na kuandika katika shule ya askari, kisha akarudishwa jikoni, akawa mfumaji wa soksi na mfua nguo wa ndugu zake. Baba alifariki mwaka 1767. Binti akawa na miaka kumi na saba, na hakuna aliyebaki wa kumtetea.

Miaka mitano ilipita hivyo. Mwaka 1772 William, aliyekuwa sasa mpiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath na mwalimu wa muziki anayetafutwa na wakubwa, alikuja Hanover kumchukua. Mama hakukubali mpaka William alipoahidi kumlipa fedha kila mwaka za kumwajiri mtumishi badala ya binti. Twaomba msomaji alitazame jambo hili. Binti yule aliachiliwa kwa kadiri ya mshahara wa mtumishi wa jikoni, na hiyo ndiyo thamani aliyokuwa nayo nyumbani kwao akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Huko Bath hakujua Kiingereza. William alimfundisha lugha hiyo wakati wa chakula cha asubuhi, pamoja na hesabu za kuendesha nyumba, na kila siku akampa masomo ya kuimba. Caroline alikuwa na sauti nzuri ya juu. Baada ya miaka michache akawa mwimbaji wa mbele katika tamasha ambazo kakaake alizisimamia, na mwaka 1778 aliitwa kuimba katika mji wa Birmingham. Alikataa. Alisema hataimba ila chini ya uongozi wa nduguye. Hapa twaiona tabia iliyomtawala maisha yote: alikuwa na kipaji kinachoweza kumsimamisha peke yake, naye hakutaka kusimama peke yake. Wengine wamelisifu jambo hilo kuwa ni uaminifu. Sisi twaona kuwa mtu aliyekombolewa kutoka jikoni na mtu mmoja tu si rahisi kuuamini mlango mwingine wowote.

Wakati ule ule William alikuwa amekwisha kushikwa na elimu ya falaki. Darubini nzuri zilikuwa ghali, akaazimia kuzitengeneza mwenyewe, na nyumba yote ikageuka karakhana. Vioo vya darubini zile havikuwa vya bilauri kama vya leo. Vilikuwa vya madini, shaba nyekundu na bati vilivyoyeyushwa pamoja, vikamiminwa katika kalibu iliyofinyangwa kwa udongo na samadi ya farasi. Aliyeitwanga samadi hiyo kinuni na kuichekecha ni Caroline. Siku moja mwaka 1781 madini ya moto yalipasuka chini ya tanuri yakamwagika sakafuni, na mawe ya sakafu yakaruka huku na huku hata dari, kila mtu akakimbia kuokoa roho yake.

Kusugua kioo kulitaka mkono usiokoma, kwa sababu ukikoma umbo huharibika. Mara moja William alisugua saa kumi na sita bila kuondoa mikono, na nduguye akamlisha kwa kumtilia matonge kinywani. Ili wakati upite alimsomea vitabu, na miongoni mwa vitabu hivyo kilikuwamo Alfu Lela u Lela. Kwa hiyo hadithi za Baghdadi na Basra, ambazo bibi zetu wametusimulia barazani, zilisomwa pia katika karakhana ya Bath, huku kioo kikisuguliwa cha kuitazama mbingu.

Tarehe 13 Machi 1781 William aliiona sayari iliyo mbali kuliko Zohali, ambayo leo yaitwa Uranus. Tangu zamani za kale watu walihesabu sayari zile zile. Sasa imezidi moja. Mfalme George wa Tatu alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na kufuata falaki peke yake, na mwaka 1782 wakahamia Datchet, karibu na jumba la mfalme la Windsor. Hakuna aliyemwuliza Caroline kama yeye naye ataka kuacha kuimba. Aliliacha jambo hilo akiwa na miaka thelathini na miwili, akaambiwa kuwa sasa atafunzwa kuwa msaidizi wa mwanafalaki.

Nduguye alimpa darubini ndogo, akamwagiza kufagia mbingu; yaani kuipitisha darubini polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kuandika kila kisichokuwa nyota ya kawaida. Tarehe 22 Agosti 1782 alianza kuandika daftari lake. Mwanzoni hakuifurahia kazi hiyo: usiku wa umande na barafu, uwanja mtupu, wala hakuna mtu karibu wa kumwuliza. Nyota hakuzijua vya kutosha, wala jedwali la kuzidisha hesabu hakupata kulihifadhi kwa moyo hata uzeeni. Alilichukua kila mahali katika kikaratasi. Sisi hufurahi kuitaja khabari hii ya kikaratasi mbele ya watoto waliokata tamaa ya hesabu.

Mwaka 1783 William alimtengenezea darubini iliyo bora, yenye kioo cha upana wa inchi nne na kitu. Kwa darubini hiyo, usiku wa tarehe 23 Septemba 1783, Caroline alifagia sehemu ya chini kabisa ya mbingu ya kusini, akakiona kile kiwingu kirefu tulichokitaja. Kwetu sisi kiwingu hicho hupita juu sana, kadiri ya digrii 69 kutoka upeo wa macho. Kwa mtu wa Datchet hakipandi zaidi ya digrii 13. Hutokeza juu ya mapaa na miti, katika ukungu wa ardhi, kisha chazama tena baada ya saa chache. Kukiona kutoka pahala kama pale kwataka jicho lenye subira. William alipokitia katika orodha yake alikiweka kuwa cha kwanza katika fungu la vile vilivyo vikubwa sana, akaandika kuwa mwenye kukigundua ni nduguye. Wala hakikuwa hicho peke yake. Viwingu na vishada kadhaa vya nyota viliingia katika orodha ile kwa jicho la Caroline.

Khabari zile za viwingu vyake ndizo zilizomzidishia William hamu ya kuvitafuta mwenyewe kwa darubini kubwa ya urefu wa futi ishirini. Alianza Oktoba ile ile, na tangu siku hiyo Caroline hakuwa na nafasi ya kufagia kwa ajili yake mwenyewe, ila nduguye akiwa safarini. Akawa karani. William alikaa juu ya kipandio akitazama na kusema kwa sauti anachokiona. Caroline alikaa dirishani na saa, taa na wino, akiandika neno, wakati na pahala. Mchana alinakili yote, akapiga hesabu, akaandaa orodha ya usiku ujao. Kazi hiyo iliendelea miaka ishirini. Matunda yake yalitoka katika orodha tatu, mwaka 1786, 1789 na 1802, na jumla yake ni viwingu na vishada 2,500, ambapo kabla yao vilivyojulikana vilikuwa kama mia moja tu.

Usiku wa mwisho wa mwaka 1783 mawingu yalifunguka ghafla, na William akamwita nduguye afanye haraka kuisogeza mashine. Theluji iliyoanza kuyeyuka ilikuwa imefunika ardhi. Caroline alikimbia gizani, akateleza, akaangukia kulabu ya chuma iliyomwingia juu ya goti. William na mfanyakazi wake walipomwinua, nyama kama wakia mbili ilibaki kwenye kulabu. Baadaye tabibu alisema kuwa askari akijeruhiwa hivyo hustahiki kulala hospitali wiki sita. Yeye alijituliza kwa jambo moja: usiku uliobaki ulikuwa wa mawingu, kwa hiyo nduguye hakupoteza kitu.

Mwaka 1786 wakahamia Slough. Mwezi wa Agosti mwaka huo William alikuwa Ujerumani, amepeleka darubini aliyoagizwa na mfalme. Caroline akarudi kwenye darubini yake ndogo, na usiku wa tarehe 1 Agosti akaona kitu kisichokuwapo katika orodha. Usiku wa pili alipokikuta kimehama alijua ni nyota ya mkia. Aliwaandikia mara moja wanafalaki wa London, kwa unyenyekevu mwingi mno, akawaomba watazame wenyewe. Siku chache baadaye mkuu wa Jumuiya ya Kifalme ya London alikuja Slough na wenzake kuitazama kwa darubini ya bibi huyo. Kutoka mwaka 1786 hadi 1797 aliona nyota za mkia nane. Alipoiona ile ya mwisho hakungoja barua. Alilala saa moja, akatandika farasi, akenda mbio hadi Greenwich kumpa khabari mwanafalaki wa mfalme, Nevil Maskelyne. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na saba.

Twarudi nyuma kidogo kwa sababu ya jambo la fedha. William alimwomba mfalme gharama za darubini ya futi arubaini, na katika maombi hayo akaomba pia ujira wa msaidizi wake. Mwaka 1787 Caroline akakubaliwa pauni 50 kwa mwaka, na inasemwa kuwa hakuna mwanamke Uingereza kabla yake aliyelipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Mwezi wa Oktoba alipokea robo ya kwanza, pauni kumi na mbili na nusu. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kwa ushuhuda wake mwenyewe hizo ndizo fedha za kwanza maishani mwake alizojiona huru kuzitumia apendavyo. Kabla ya hapo alinunua kwa mkoba wa nduguye na kumhesabia kila senti.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Mei 1788, William alimwoa mjane tajiri, Mary Pitt. Caroline alizikabidhi funguo za nyumba aliyoiendesha kwa miaka kumi na sita, akahamia chumba cha kupanga, na kila siku akawa aja kazini kama mfanyakazi wa nje. Alichokihisi hatukijui kwa maneno yake, kwa kuwa baadaye alizichana kumbukumbu zote alizoandika katika miaka kumi iliyofuata harusi ile. Waandishi wengi wamependa kuzijaza kurasa hizo kwa dhana. Sisi twaona kuwa mwenye kuzichana alikusudia zisisomwe, nasi twamwachia heshima hiyo. Linalojulikana ni kwamba wifi yake alikuwa mwanamke mpole, kwamba baada ya muda wawili hawa walipatana, na kwamba mtoto wa ndoa ile, John, aliyezaliwa mwaka 1792, alimpenda shangaziye kuliko jamaa wengine wote. Tena miaka ile ya chumba cha kupanga ndiyo aliyoziona nyota zake za mkia nyingi zaidi.

Mwaka 1798 Jumuiya ya Kifalme ilichapisha kwa gharama yake kazi ya Caroline iliyomchosha kupita zote. John Flamsteed, mwanafalaki wa kwanza wa mfalme, alikuwa ameacha orodha ya nyota ambayo kila mtu aliitegemea, nayo ilikuwa na makosa. Caroline alizipitia hesabu za asili za Flamsteed usiku baada ya usiku, akatengeneza faharasa yake, akabainisha makosa, akaongeza nyota zaidi ya 500 ambazo Flamsteed alizitazama na kuzipima lakini zikasahauliwa kutiwa katika orodha. Kazi ya namna hii haina sifa kwa watu. Hakuna mfalme ajaye kuitazama. Lakini mabaharia na wanafalaki hutembea juu yake kama mtu atembeavyo juu ya daraja bila kumfikiri aliyelijenga.

William alifariki tarehe 25 Agosti 1822. Caroline, akiwa na miaka sabini na miwili, kwa huzuni akakata shauri la haraka la kurudi Hanover, akidhani hana siku nyingi za kuishi. Alilijutia mara alipofika. Mji umebadilika, jamaa hawakuwa na habari na mambo yake, na mapaa marefu ya nyumba za mbele yalimzuia kuiona mbingu. Alibaki huko miaka ishirini na mitano.

Katika chumba kile chenye mapaa mbele ya dirisha alifanya kazi yake ya mwisho kubwa. John, mwana wa nduguye, alitaka kuvitazama upya viwingu vyote 2,500, lakini orodha za babaye zilipangwa kwa namna isiyofaa kwa mtu anayefagia mbingu. Bibi mzee akazipanga zote upya, mkanda kwa mkanda kutoka kaskazini hadi kusini, akipiga hesabu ya pahala pa kila kimoja, akampelekea kitabu kizima. Kwa kazi hiyo Jumuiya ya Falaki ya London ilimpa nishani yake ya dhahabu mwaka 1828. Mwanamke wa pili kuipata nishani ile alikuwa Vera Rubin wa Marekani, aliyepima mizunguko ya galaksi. Alipewa mwaka 1996. Kati ya wanawake hawa wawili ilipita miaka 168. Mwaka 1835 Jumuiya hiyo, iliyokuwa sasa ya Kifalme, ilimfanya Caroline mwanachama wa heshima pamoja na Mary Somerville, kwa kuwa uanachama wa kawaida haukufunguliwa kwa wanawake.

John alipomaliza mbingu ya kaskazini aliazimia kwenda Rasi ya Tumaini Jema kuitazama ile ya kusini. Shangaziye alipopata khabari aliandika kuwa lau angekuwa na umri mdogo kwa miaka thelathini au arubaini angelifuatana naye. Tena alimwagiza jambo: atazame vizuri katika kundi la Akrabu, yaani Nge, ambako William aliona pahala pasipo nyota hata moja, kama shimo mbinguni, na kila mara alirudi kupatazama. Mwanamke wa miaka themanini na zaidi, asiyeweza kuona anga kwa sababu ya mapaa, alikuwa bado akumbuka ni pembe gani ya mbingu iliyoachwa bila kujibiwa.

John alifika Rasi mwezi wa Januari 1834, akakaa miaka minne. Miongoni mwa alivyovitazama huko ni kile kiwingu cha Septemba 1783. Kule Rasi hupita karibu na utosi, mbali na ukungu wa ardhi, naye akakikuta kirefu na king'aavu, urefu wake si mbali sana na upana wa mwezi mpevu, akakisifu kuwa ni kitu cha fahari. Hakuweza kujua kuwa ni galaksi. Jambo hilo lilithibiti katika miaka ya 1920, Edwin Hubble alipopima umbali wa viwingu kama hivyo na kuonyesha kuwa vi nje ya Majarra yetu.

Kitabu cha John cha mbingu ya kusini kilitoka mwaka 1847, na nakala ikapelekwa Hanover. Caroline aliipokea akiwa na miaka tisini na saba. Mwaka uliotangulia, siku ya kuzaliwa kwake, mfalme wa Prussia alikuwa amempelekea nishani ya dhahabu ya elimu, lakini waliomjua wasema kuwa kitabu kile kilimfurahisha zaidi, kwa kuwa sasa kazi aliyoianza nduguye ilikuwa imeizunguka mbingu yote, kaskazini na kusini.

Alifariki tarehe 9 Januari 1848. Maneno ya kaburini alikuwa ameyatunga mwenyewe kabla. Kwa wasia wake alizikwa pamoja na vitu viwili: kishungi cha nywele za William, na kalenda kuukuu iliyokuwa ya babaye, yule aliyemtoa nje usiku wa baridi kumwonyesha nyota.